Kabla ya Ramones kulikuwa na Death

Umeuliza kama kuna bendi iliyopiga punk, yaani roki ya kasi na ya fujo, kabla ya Ramones, bendi maarufu ya New York, ikasahaulika. Ipo: Death (yaani Kifo), ya Detroit, Marekani. Ni ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo saba za kasi, gitaa likiunguruma, wakati albamu ya kwanza ya Ramones ilitoka 1976.

Kilichowakwamisha ni jina. Clive Davis, bosi wa kampuni ya rekodi, alikuwa tayari kuwalipia studio, ila alitaka wabadilishe jina. David akakataa katakata. Baba yao alikuwa amefariki katika ajali, na David aliona kifo si cha kuogopwa. Mimi namheshimu sana kwa hilo, ingawa liliwagharimu. Walitoa wenyewe nakala 500 tu za singo yao, redio hazikuipiga, bendi ikavunjika.

Miaka mingi baadaye wakusanyaji wa santuri wakaanza kuisaka hiyo singo, na 2009 kampuni ya rekodi ya Drag City ikatoa zile nyimbo saba kama albamu. David hakuiona, saratani ya mapafu ilimchukua mwaka 2000. Anza na "Politicians in My Eyes", na usikilize besi ya Bobby.