Misimu minne kwenye meli za Antaktika: jibu langu kuhusu kuhifadhi bahari

Mkuu, umeuliza kama hizi meli za watalii zinazokwenda Antaktika zinahifadhi bahari kweli au ni maneno ya kuuzia tiketi, maana umepata kazi huko na moyo unasita. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefanya misimu minne kama baharia wa sitaha, tukiondokea Ushuaia, Argentina. Nakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Kazi yangu kubwa kabla ya kushusha wageni ilikuwa buti. Kila mgeni analeta buti, koti na mkoba. Mifuko yote ya makoti na mikoba tunaipitisha mashine ya kufyonza vumbi, kisha tunaingia kwa kibanio kwenye nyayo na mishono. Kuna bibi mmoja nilimchomoa mbegu tatu za nyasi kwenye soksi, ndogo kuliko ufuta. Alikuwa ametoka kutembea Patagonia, kule kusini mwa Amerika Kusini, siku mbili nyuma. Usione ni kitu kidogo. Kisiwa cha King George, huko huko Antaktika, tayari kimeingiliwa na nyasi za kigeni, Poa annua, zilizoota jirani na kituo cha utafiti cha Poland, na kuzing'oa si kazi ya siku moja. Buti zikishakaguliwa zinasuguliwa kwenye dawa, kwenda na kurudi. Na tangu mafua ya ndege yafike kule, mgeni haruhusiwi kuketi wala kuweka mkoba chini.

Nchi kavu wanashuka watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Kwa pengwini ni mita 5, na akikukuta njiani unasimama mpaka apite. Tukimaliza, tunafukia mashimo yaliyoachwa na miguu yetu kwenye theluji, kwa sababu pengwini akitumbukia humo, vile vijiguu vyake vinaweza kushindwa kumtoa. Nimefukia sana mashimo hayo, vidole vimekufa ganzi. Mimi nimekua Tanga nikisikia baruti za wavuvi baharini, naona samaki wachanga wanaelea matumbo juu na matumbawe yamegeuka kifusi. Kuona watu wazito, wenye fedha zao, wanaambiwa wasisogee hata hatua moja na wanatii, kulinigusa mno.

Sasa upande wa pili. Chama cha kampuni za meli hizi za watalii, IAATO, kilianzishwa 1991, wakati wageni hawafiki elfu kumi kwa msimu. Siku hizi wamevuka laki moja. Kanuni zinambana kila mgeni anayekanyaga pale, ila idadi ya wageni inazidi kupanda. Mafuta mazito ya kuendeshea meli yalipigwa marufuku kule tangu 2011, jambo jema, lakini dizeli nayo ina masizi, yanatua juu ya theluji, na theluji iliyoingia weusi inashika joto la jua. Utafiti uliotoka 2022 katika jarida la Nature Communications ulikadiria kwamba masizi yanayotokana na mgeni mmoja yanaharakisha kuyeyuka kwa theluji ya tani 83 hivi. Hayo hayatolewi kwa kibanio. Kwa maoni yangu msimu ungewekewa kikomo cha wageni, hata kama ajira zetu zingepungua.

Kuna faida moja siwezi kuiacha: picha za mikia ya nyangumi wenye nundu. Alama za chini ya mkia hazifanani, kwa hiyo picha ya mgeni inamsaidia mtafiti kujua nyangumi yupi amefika wapi. Wale wa Rasi ya Antaktika hupanda hadi Kolombia na Panama. Hawa wetu wanaopita Watamu na Unguja kuanzia Julai ni kundi jingine, linalokula kusini kabisa ya Bahari ya Hindi.

Kazi ichukue, mkuu, ila kwanza waulize meli inabeba abiria wangapi. Ikiwa chini ya 200, watu wanashuka kwa zamu chache na ukaguzi haufanywi kwa haraka. Na ukipangwa kwenye buti, anzia kwenye kamba, pale zinapopita kwenye vitundu. Mbegu nyingi nilizokamata zilijificha hapo.