Kabla hujaifikisha fiksi Darajani

Msomaji mmoja wa Mwanakwerekwe, hapa Unguja, kaniletea ujumbe wiki hii. Kanunua baskeli kuukuu ya Kijapani, fundi wa mtaani kamchomelea friwili ili iwe fiksi, breki zote mbili kazing'oa ili ipendeze, na sasa anauliza: nikifika Darajani, pale sokoni, saa sita mchana, nasimamaje?

Asifike nayo. Hilo ndilo jibu, na nalitoa nikiwa na deni shingoni, maana nilipoandika kuhusu baskeli hizi mara ya kwanza niliisifu isiyo na breki hata moja. Ushauri ule ulikuwa mbaya. Aliyeuchukua namwomba auache, achukue huu.

Kwa asiyeijua, baskeli ya kawaida ina friwili, ndiyo hiyo inayolia tiki-tiki ukiacha kukanyaga. Fiksi haina. Sproketi ya nyuma, yaani duara la meno linalovutwa na cheni, imeshikana na habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unaipinga kwa mguu pedeli inayopanda. Isichanganywe na zile za breki ya kukanyagia kinyume: kule mguu unapumzika, huku haupumziki. Asili yake ni viwanja vya mbio vya mviringo, ambako breki hazifungwi kwa sababu wote wanakwenda upande mmoja na hakuna anayesimama ghafla. Matarishi wa New York ndio walioipa jina barabarani. Darajani pana hamali na gari lake, Vespa inayochomoka kichochoroni, na daladala linalosimama popote mtu anaponyoosha mkono.

Sasa hiyo friwili iliyochomelewa. Friwili hufungwa kwenye habu kwa hesi ya kawaida, upande wa kulia, na kila ukikanyaga mbele inazidi kujikaza. Fundi akiichomelea, vijino vya ndani vinashikana na baskeli inakuwa fiksi kweli, lakini hesi haikubadilika. Siku utakayokaza miguu ili usimame, nguvu inakwenda kinyume, na friwili inafunguka. Miguu inabaki ikizunguka bila kushika kitu, tena wakati ule ule ulipoihitaji. Juu ya hayo, moto wa kuchomelea unalainisha chuma cha meno na kuunguza grisi ya ndani. Fundi hana nia mbaya, kaombwa kitu ambacho hakitengenezeki kwa njia hiyo.

Habu ya fiksi itazame ubavuni: ina ngazi mbili za hesi. Ya ndani, kipenyo inchi 1.37, ni ya sproketi na inakaza kulia. Ya nje ni ndogo zaidi, inchi 1.29, na hesi yake ni ya kinyume. Hapo inakaa lokiringi, yaani nati bapa ya duara yenye mapengo pembeni. Sproketi ikitaka kufunguka inaisukuma lokiringi, na kwa kuwa hesi yake ni kinyume, msukumo huo unaikaza. Ukiona ngazi moja tu, hiyo ni habu ya friwili hata muuzaji aape. Wapo wanaotia sproketi kwenye habu ya friwili kisha wakafungia nati ya bomba la krenki, bomba la fremu ambamo mikono ya pedeli inazungukia, maana nayo ni 1.37 na inaingia vizuri. Inaingia, ndiyo, lakini hesi yake ni upande ule ule wa sproketi, kwa hiyo zitafunguka pamoja. Gundi ya hesi inachelewesha tu.

Kufunga kwenyewe kunataka utulivu. Safisha hesi kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi kidogo, kisha zungusha sproketi kwa vidole. Ikigoma katika duara la kwanza, itoe uanze upya, usilazimishe. Habu nyingi ni za aluminiamu na hesi ikiharibika imekwenda moja kwa moja. Ikifika mwisho, ikaze kwa cheni: ncha moja ya cheni iishike sproketi, nyingine izungushie bomba la krenki lililofungwa kitambaa ili rangi isichubuke, kisha livute gurudumu zima kinyumenyume mpaka likatae. Gurudumu ndilo spana ndefu kuliko zote karakanani. Halafu lokiringi, kwa spana ya ndoana, ukizungusha kushoto. Nyundo na tindo hapana, yale mapengo yakishavunjika hutaweza kuikaza wala kuifungua.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo inapowaponyoka. Baada ya kufunga, endesha kilomita 2 au 3 huku ukikanyaga kwa nguvu mbele tu, ukisimama kwa breki ya mkono, kwa sababu sproketi itasogea kidogo zaidi na kuiacha lokiringi ina nafasi. Rudi uikaze tena. Baada ya wiki, ikague.

Cheni inataka kulegea kiasi cha milimita 10, juu na chini kwa jumla, ukiishika katikati. Lakini usipime mahali pamoja. Zungusha krenki duara zima, tafuta pale inapokaza zaidi, upime hapo, kwani sproketi ya mbele mara nyingi haikai katikati sawasawa. Ikikaza kupita kiasi inasaga gololi na kulalamika. Ikilegea, inatoka. Ikitoka kwenye baskeli ya kawaida unaona udhia tu. Kwenye fiksi ama inajisokota na kulibana gurudumu la nyuma ukiwa katika mwendo, ama unabaki huna kabisa cha kukusimamisha nyuma. Kuirekebisha, legeza nati za ekseli, nyingi ni namba 15, vuta gurudumu nyuma, kaza upande wa kulia kidogo, nyoosha rimu ikae katikati, kaza wa kushoto, rudi wa kulia. Ndiyo sababu fremu lazima iwe na mpasuo wa ekseli uliolala, si wa kusimama. Na ile springi ya kuvutia cheni iliyotoka kwenye baskeli ya gia usiifunge, mguu ukipinga itapinda.

Uchakavu wa cheni unapimwa kwa rula. Vipande 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, vikiwa vipya ni milimita 304.8. Vikifika 306 na kidogo, nunua nyingine. Hewa yetu ina chumvi, na anayepita Mizingani na Forodhani kila siku afute cheni kila wiki: kitambaa kikavu, tone moja la mafuta kwa kila kiungo, subiri, futa tena mpaka nje pakauke. Mafuta yanayobaki nje yanakamata mchanga, na mchanga ndio msasa.

Hapa nawaomba msome polepole. Usiisafishe cheni ya fiksi huku unalizungusha gurudumu kwa kasi. Kwenye friwili kidole kikinaswa cheni inasimama, kwenye fiksi uzito wa gurudumu unaendelea kuivuta na kidole kinakatika. Zungusha pedeli kwa mkono taratibu, na kitambaa kiwe sehemu ya chini katikati, mbali na meno. Nguo ni vivyo hivyo. Kanzu, buibui, ncha ya kanga ya aliyepakiwa nyuma: ikishikwa, haiachiwi. Fiksi haina kifuniko cha cheni kama baskeli za wazee wetu. Suruali ya kulia ifungwe kwa mkanda, kamba za viatu zichomekwe ndani, na siku ya Ijumaa ukienda msikitini na kanzu yako, chukua baskeli nyingine au nenda kwa miguu.

Meno. Mjini kwetu ni tambarare, kwa hiyo gia moja inatosha, lakini vijana wanapenda kubwa mno. 48 mbele na 16 nyuma inaonekana ya kishujaa mpaka utakapotaka kuipunguza mwendo kwa mguu. Chukua 44 kwa 17. Kwa tairi la 700x28, yaani lile jembamba la upana wa milimita 28, duara moja la krenki linakupeleka mita 5 na nusu hivi, na duara 70 kwa dakika ni kama kilomita 23 kwa saa, inatosha sana kwa Michenzani. Upepo nao uhesabiwe: kusi ikivuma, safari ya Kiembesamaki na uwanja wa ndege ni ya kuupanda upepo. Kaskazi ikiingia, njia ya Bububu ndiyo nzito. Yapo na mambo ya tairi. Anayelibana gurudumu la nyuma hadi liburuze analila tairi mahali pale pale. Punguza hesabu ya meno kama sehemu za skuli: 48 kwa 16 ni 3 kwa 1, basi tairi linachakaa mahali pamoja tu na litatoboka upesi. 44 kwa 16 ni 11 kwa 4, mahali pane. 44 kwa 17 haipunguziki, panakuwa 17. Tairi za 700 hazipo kila duka la mtaani, kwa hiyo hesabu hiyo ina faida mfukoni.

Krenki ziwe fupi, milimita 165. Huwezi kuacha kukanyaga kwenye kona, na pedeli ya ndani ikigusa chini baskeli inanyanyuka na kukutupa. Kwa sababu hiyo hiyo, tuta halipandwi kwa kasi: punguza mapema, nyanyuka kwenye kiti, goti lilegee, miguu iendelee kuzunguka.

Ndani ya Mji Mkongwe fiksi inapendeza kuliko baskeli yoyote, nasema hivyo kwa moyo wote. Unakwenda mwendo wa mtu anayetembea bila kuyumba, kwa kuwa gurudumu linasikiliza mguu. Lakini kengele iwepo, useme "simile" kama hamali, na mbele ya baraza zenye wazee ushuke uamkie. Kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa usijipenyeze kati ya daladala na ukingo. Abiria anashukia huko huko.

Na breki ya mbele. Ukipunguza mwendo, uzito mwingi unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuburuza. Kwa barabara kavu, breki ya mbele peke yake inakusimamisha kwa karibu nusu ya masafa yanayohitajiwa na gurudumu la nyuma peke yake. Uhodari wa mguu haubadilishi hilo. Pima kutoka tundu la uma linaloingia breki hadi katikati ya ubavu wa rimu: milimita 39 hadi 49 ni breki fupi, 47 hadi 57 ni ndefu. Raba iguse rimu tupu, isiguse tairi, iache nafasi ya milimita 1 au 2. Rimu iwe ya aluminiamu, maana ile ya chuma inayong'aa ikilowa wakati wa masika karibu haishiki kabisa.

Turudi kwa ndugu wa Mwanakwerekwe. Soma ubavu wa tairi lako. Namba ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Ukikuta 32-630, yaani inchi 27, gurudumu la fiksi la 700 ambalo ni 622 litaingia: rimu inashuka milimita 4 tu, raba za breki zishushe kiasi hicho. Ukikuta 37-590, yaani inchi 26, tofauti ni milimita 16 na breki zako huenda zisifike. Tafuta fremu nyingine. Pima na upana wa nyuma baina ya mipasuo. Habu nyingi za fiksi ni milimita 120, na pengo linalobaki lizibwe kwa washa pande zote mbili, si kwa kuibana fremu na nati. Mpaka gurudumu hilo lipatikane, ng'oa friwili iliyochomelewa, funga mpya ya meno 18, rudisha breki zote mbili, uende Darajani.