Sauti ya Wodini Imenifuata Nyumbani

SWALI: Mimi ni muuguzi mkoani Tanga. Wakati wa wimbi la UVIKO-19 la mwaka 2021 nilipangiwa wodi ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, na huko nilijizoeza kuzungumza na ndugu zao kwa upole usiobadilika, hata pale mgonjwa alipofariki mbele yangu. Wimbi lilipita, lakini sauti ile haikuniacha. Mwezi uliopita jogoo wa mwanangu alikufa, nami nikamwambia, “Pole sana, tulifanya kila tulichoweza.” Mtoto alinikodolea macho. Je, nimekuwa mtu asiye na huruma?

JIBU: Dada yangu, asiye na huruma asingeandika barua kwa sababu ya jogoo. Ulichokuwa ukifanya wodini ni kazi, ingawa haimo katika hati ya mshahara. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliieleza mwaka 1983 kwa kuwatazama wahudumu wa ndege, ambao hulipwa ili waoneshe hisia fulani na kuficha nyingine. Kwenu ilikuwa nzito zaidi, maana barakoa na miwani vilifunika uso, mkabaki na sauti peke yake ya kumtuliza mtu anayetweta.

Kuificha hisia, hata hivyo, hakuiondoi. Katika jaribio la wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson, lililochapishwa mwaka 1993, watu walioambiwa wasioneshe lolote usoni walihisi vilevile kama wenzao, huku baadhi ya dalili za msisimko mwilini mwao zikiongezeka. Kujikaza kunafaa kwa saa moja ya dharura. Kwa miaka, sidhani.

Pendekezeni kazini kwamba wakati wa kukabidhiana zamu, mkishamaliza habari za mitungi na dripu, anayeondoka apewe nafasi ya kumtaja mgonjwa aliyemgusa, akipenda. Nasema akipenda kwa makusudi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani halishauri kuwaweka watu kikao cha kusimulia tukio la kutisha mara tu baada ya kulipitia. Shirika hilohilo, mwaka 2019, liliutaja uchovu wa kupindukia utokanao na msongo wa kazi kuwa jambo la mahali pa kazi, wala si ugonjwa, hivyo matroni naye anahusika kupitia ratiba anayoipanga. Ikiwa usingizi umepotea au ganzi ya hisia imedumu kwa wiki kadhaa, muone mtaalamu wa afya ya akili asiye bosi wako.

Kwa mwanao, muulize jogoo alikuwa akiwika saa ngapi, na akikujibu, usiharakishe kumpa pole.