Kabla ya Kuirudisha Dracula Maktaba

Wadogo zangu mnaoanza fasihi hapa Mwanza, kila muhula naiona riwaya ya Dracula ikirudishwa maktaba kabla wiki haijaisha, kikaratasi cha kuonyesha ukurasa kikiwa kimeishia sura ya tano. Naipenda riwaya hii, na inaniuma kuiona ikihukumiwa kabla haijasikilizwa.

Kwanza, amueni kwa kutazama umbo lake. Bram Stoker wa Ireland aliichapisha mwaka 1897 bila msimulizi mmoja. Sura zote 27 ni shajara, barua, telegramu na habari za magazeti. Asiyependa kusoma barua za watu aanze na Carmilla ya Sheridan Le Fanu, ya mwaka 1872, hadithi nyingine ya mnyonya damu ambayo ni fupi.

Pili, na hapa ndipo mnapokwama. Katika sura nne za mwanzo Jonathan Harker, wakili kijana Mwingereza, anasafiri hadi ngome ya Dracula, mnyonya damu wa Transylvania, na kufungiwa humo, na hofu inapanda kila ukurasa. Mara sura ya tano inawahamishia Uingereza, kwa wasichana wawili, Mina na Lucy, wanaoandikiana kuhusu wachumba, nanyi mnalalamika kwamba mnyonya damu ametoweka. Jamani, kutoonekana kwake ndiko kunakoiendesha hadithi, kwa maana tangu hapo kila mhusika anashika kipande kimoja cha habari, na msomaji peke yake ndiye anayeviona vyote. Vumilieni hadi sura ya saba, kwenye kumbukumbu za nahodha wa Demeter, meli iliyombeba Dracula kwa siri kutoka bandari ya Varna hadi Whitby, Uingereza. Mabaharia wanapungua mmoja baada ya mwingine. Mtu anakwenda kumpokea mwenzake zamu ya usiku na hamkuti. Mwishowe nahodha anabaki peke yake na kuifunga mikono yake kwenye usukani. Niliwasomea kurasa hizo vijana waliokulia Ukerewe, wanaojua ziwa linavyokuwa likichafuka usiku, na hakuna aliyeuliza tena mnyonya damu yuko wapi. Ikiwa kurasa hizo hazikukushika, kirudishe kitabu kwa amani.

Tatu, msimtafute mumiani humo. Mumiani wa masimulizi ya bibi zetu ni mtu hai anayewinda damu ya kuuza, ilhali Dracula ni mwinyi aliyekufa zamani, mwenye ngome na mawakili, anayenunua nyumba Uingereza kwa hati halali. Wala msije semina mkasema mwanga wa jua ulimuua, kwa sababu hayo ni ya filamu. Katika riwaya anatembea London mchana, na anauawa kwa visu viwili jua likizama.

Nne, Van Helsing, daktari anayeongoza kumwinda Dracula, ni Mholanzi na Kiingereza chake kimepindishwa kwa makusudi, hivyo msomeni kwa sauti. Wenzenu wanaosomea udaktari Bugando watashangaa Lucy akiongezewa damu ya wanaume wanne bila yeyote kupimwa kundi. Waelezeni kwamba mwanasayansi Karl Landsteiner alitangaza makundi ya damu mwaka 1901, miaka minne baada ya riwaya kutoka, kisha waazimeni kitabu.