Maswali na majibu: Mwadhama, Mhashamu, Mheshimiwa

Mwaliko wa Kardinali tuuanze na "Mhashamu"?

Hapana. Kardinali ni Mwadhama. Mhashamu ni askofu au askofu mkuu wa Kanisa Katoliki. Neno Kardinali hukaa katikati ya majina: Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, ndivyo alivyoandikwa Mtanzania huyo aliyepewa ukardinali mwaka 1960. Cheo kimoja kinatosha. Nimeshaona "Mwadhama Mhashamu Baba Mheshimiwa" kwenye bahasha moja, na huko si kuheshimu, ni kutojua unamwandikia nani.

Na askofu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania?

Baba Askofu, sawa na kwa Waanglikana. Anayeongoza KKKT nzima ni Mkuu wa Kanisa. Tafadhali msichukue barua ya askofu Mkatoliki mkabadilisha jina tu. "Tumsifu Yesu Kristo" ni salamu ya Wakatoliki. Walutheri wamezoea "Bwana Yesu asifiwe", na kosa hilo huonekana mstari wa kwanza.

Padri wetu ni mzee sana. Tumwite Monsinyori?

Uzee peke yake hautoshi. Hiyo ni heshima inayotolewa na Papa, na tangu 2014 mapadri wa jimbo kwa kawaida hawapewi kabla ya kufikisha miaka 65. Kama hajapewa, ni Padri.

Baba yangu amefanya Umra. Kwenye kadi ya harusi tuandike Alhaji?

Msiandike. Alhaji ni aliyetimiza Hija, na Umra si Hija.

Nina kesi Mahakama Kuu. Jaji nimwiteje, na naweza kumwandikia barua kumweleza ukweli?

Mwite Mheshimiwa Jaji. Katika Mahakama ya Rufani, mbele ya jopo, sema Waheshimiwa Majaji. Hakimu pia ni Mheshimiwa, ila usimwite Jaji ukidhani unampandisha. Simama unapozungumza naye, jibu ulichoulizwa, na usijibizane na wakili wa upande wa pili: maneno yako yote yaelekee mbele, kwa jaji.

Sehemu ya pili ya swali inaniudhi, kwa sababu hunifikia kila mara kana kwamba ni jambo la kawaida. Usimwandikie jaji kuhusu kesi aliyonayo mezani! Hata uanze kwa heshima zote, upande wa pili utakuwa na haki ya kuuliza mlikuwa mnazungumza nini, na upande huo unaweza kumwomba jaji ajitoe. Hapo shauri linahamia kwa jaji mwingine na muda wako umekwenda. Ukweli wako uingie kwenye hati za madai, hati ya kiapo au ushahidi wa mdomo.

Ukiwa na jambo la kiutawala, mfano kuomba nakala ya hukumu au ya mwenendo wa shauri, barua iende kwa Naibu Msajili wa masjala ilipofunguliwa kesi. Juu andika namba ya shauri na majina ya pande zote, halafu omba kitu kimoja bila kutetea kesi. Kama ni nakala kwa ajili ya rufaa, mpelekee mpinzani wako katika kesi nakala ya barua hiyo na utunze uthibitisho kwamba ameipokea. Kwenda Mahakama ya Rufani katika shauri la madai bila kufanya hivyo kunaweza kukunyima siku ulizokuwa ukisubiri nakala, rufaa ikaonekana imechelewa.

Mimi ni mchungaji. Kwenye hati ya kiapo niweke "Mchungaji Dkt."?

Weka jina kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye hati nyingine za shauri. Uchungaji utaje kama kazi yako, pale tu unapohusika na unachoeleza. Nguvu zako zipeleke mwisho wa hati: mahali ulipoapia, tarehe, saini yako, na jina, saini na muhuri wa Kamishna wa Viapo. Sehemu hiyo ikiwa na kasoro, mahakama inaweza kuitupa hati nzima, na ombi lililoiegemea likaanguka nayo. Na uape mbele yake mwenyewe, usimtume mtu na karatasi uliyokwisha kusaini.