Maswali ya Wasomaji: Kusoma pamoja kuhusu transijenda na nonbainari

SWALI: Kikundi chetu cha kusoma kina watu tisa, tumezoea riwaya na tamthilia. Mtoto wa mwenzetu mmoja amewaambia wazazi wake kwamba yeye si msichana, na sisi tumeona heri tusome kabla ya kufungua midomo. Tuanzie wapi? – Bi. R., Mombasa

JIBU: Bi. R., tisa ni idadi nzuri. Mkizidi kumi na wawili, watasema walewale watatu na waliobaki watasikiliza tu. Tengeni vikao vinne, kila baada ya wiki mbili, dakika 90 kila kimoja. Kikao kimoja hakitoshi, maana karibu chote huishia kwenye maana za maneno, na mtu huondoka na rai ileile aliyokuja nayo.

Kikao cha kwanza basi kiwe cha maneno. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayaangukii moja kwa moja upande wa kiume wala wa kike. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa namna hiyo. Transijenda ni mtu ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa, na mara nyingi mwili wake hauna tofauti yoyote na wa wengine. Nonbainari hajioni kuwa mwanamume tu wala mwanamke tu; wengi wao huhesabiwa miongoni mwa transijenda, ingawa si wote wanaojiita hivyo. Nani anampenda nani ni jambo jingine kabisa. Yaandikeni haya kwenye karatasi kubwa na muibandike ukutani vikao vyote vinne. Mtu akisema "hawa si wale wenye viungo viwili?", mwonyesheni karatasi, muendelee.

Cha pili, someni simulizi ya mtu aliyeandika maisha yake mwenyewe, kurasa 20 hadi 25. Makala za kitabibu zisubiri. Anayeanza na tiba humwona mhusika kuwa mgonjwa tangu ukurasa wa kwanza, na picha hiyo ni ngumu kufuta. Mkizifikia, tazameni mwaka zilipoandikwa: katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, jambo hili limeondolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Maandishi ya kabla ya hapo bado yanazunguka mtandaoni.

Cha tatu ndicho tunachokipenda zaidi, kwa kuwa kiko nyumbani. Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti kipya cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Hukumu inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mmoja wenu atoe hoja zake kuu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na isomwe kwa sauti. Kisha fikirieni dirisha la ofisi ya ajira: mwanamke amesimama, cheti mkononi, na jina lililo juu yake ni la mwanamume. Karani ataanza kwa kushuku kwamba cheti ni cha wizi. Jiulizeni herufi ile moja ya jinsia kwenye cheti inamsaidia nani hasa, ilhali mtihani husahihishwa bila kujali jinsia ya mtahiniwa. Hapo hata mkimya wa kikundi hupata la kusema, maana kila mtu amewahi kupeleka vyeti mahali.

Cha nne kiwe cha nonbainari peke yake, la sivyo watamezwa. Hukumu ya Nairobi ilihusu mtu anayejitambua kuwa mwanamke, haikuwagusa wao. Mnaweza kuilinganisha na ile ya Mahakama ya Juu ya India ya Aprili 2014 iliyotambua jinsia ya tatu. Lakini angalieni: mahijra wa India, watu wanaohesabiwa katika jinsia hiyo ya tatu, wana jamii na desturi zao za tangu kale, si jina jingine la nonbainari.

Linaloharibu vikao vingi ni maswali ya upasuaji. Yakiingia hayatoki, na simulizi mliyosoma husahauliwa. Wekeni sharti moja: swali la mwili ambalo huwezi kumuuliza jirani yako pale kwenye mkeka, usilielekeze kwa mtu wa kitabuni pia. Na mwenye rai aanze kwa kutaja ukurasa.

SWALI: Mwenzetu mmoja husema kila kikao kwamba dini imekataa, na mjadala unafia hapo. – J., Tanga

JIBU: Msimnyamazishe. Mpeni dakika kumi mwishoni mwa kikao, na mumwombe kwanza aeleze mwandishi amesema nini, hata kama hakubaliani naye. Pia ajue kwamba wanazuoni wenyewe hawana kauli moja: Iran, fatwa ya Ayatollah Khomeini ya miaka ya 1980 iliruhusu kubadili jinsia kwa tiba. Wanazuoni wengi wa kwingineko wanaipinga, na yenyewe inahusu kuvuka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo nonbainari hawamo.

SWALI: Amejiunga nasi kijana ambaye ni nonbainari. Tumwiteje? Na je, yeye ndiye atuongozee vikao? – Mama S., Nakuru

JIBU: Mama S., kwa "yeye" na "amekuja" hamna shida. Mtakwama kwenye kaka, dada, shangazi na mjomba, tena mbele ya watu. Muulizeni mapema, faraghani, anapenda aitweje. Wengi huridhika na jina lao tu, au "mwenzetu". Mkikosea, sahihisheni palepale kwa neno moja, kisha endeleeni. Kuomba radhi kwa dakika tano kunamlazimu yeye awabembeleze ninyi.

Kuongoza, hapana, isipokuwa ameomba mwenyewe. Akifanywa mwalimu, kila swali litamwangukia, na kufikia kikao cha tatu atakuwa amechoka au ameacha kuja. Mwongozaji awe mwingine, na maswali yaelekezwe kwenye maandishi. Picha zisipigwe, na yaliyosemwa yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Picha moja ikimfikia mwajiri au mwenye nyumba, atakayeumia ni yeye.

Wasomaji wetu wa Uganda wawe waangalifu zaidi: sheria ya 2023 inaadhibu "kukuza" ushoga kwa kifungo cha hadi miaka 20, na askari hatasimama kutofautisha transijenda na ushoga. Zungumzeni na wakili kabla ya kumwalika mtu yeyote, na msitoe mwaliko wa maandishi.