Akianguka mtelezaji, nani anamfikia kwanza?

Tangu tulipogusia michezo ya theluji katika safu hii, wasomaji wengi wameuliza jambo moja: kuumia. Najibu maswali matano leo.

Mtu akianguka katikati ya mlima, gari la wagonjwa linamfikiaje?

Halimfikii. Madaktari na waokoaji husimama kando ya njia, sehemu mbalimbali, wakiwa wamevaa skii (mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni) na kubeba vifaa mgongoni. Ajali ikitokea, wanateleza hadi alipo majeruhi. Huko juu, anayefuata anazuiwa kuondoka. Kama ameshaondoka, anapungiwa bendera ya njano asimame. Majeruhi anakazwa shingo na mgongo, kisha anateremshwa kwa sleji, yaani machela ya kuburutwa juu ya theluji, au kuchukuliwa na helikopta. Kwa hiyo ukisikia mbio zimeahirishwa kwa ukungu, usidhani tatizo ni macho ya watelezaji tu. Helikopta nayo lazima iweze kuruka.

Mbona kila siku ni magoti?

Itazame buti ya skii. Ni ngumu kama bomba, imebana kuanzia kifundo hadi katikati ya muundi. Kifundo hakipindi, na skii ndefu iliyo chini yake inafanya kazi ya mtaimbo. Skii ikijipinda upande, msokoto wote unapanda na kuishia kwenye goti.

Vishikizo vinavyoshika buti kwenye skii vimeundwa viachie mtu akianguka, lakini washindani huvikaza sana, maana skii ikichomoka kwenye mwendo wa kilomita zaidi ya 100 kwa saa nayo ni balaa. Ajabu ni kwamba mara nyingi ligamenti, yaani kano zinazounganisha mifupa ya goti, hukatika kabla mtu hajaanguka: skii imepoteza theluji kidogo, ikaing'ata tena ghafla, basi. Mtelezaji wa Marekani Lindsey Vonn, kwenye ubingwa wa dunia wa Schladming, Austria, mwaka 2013, alikatika ligamenti mbili na kuvunjika mfupa chini ya goti. Alibebwa kwa helikopta, na Olimpiki ya Sochi ya 2014 ikampita.

Hermann Maier wa Austria alianguka vibaya kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, siku tatu baadaye akashinda dhahabu. Leo angeruhusiwa?

Inategemea kichwa chake. Maier alipaa hewani, akapenya nyavu za usalama, akatua kwenye theluji laini, akainuka. Kisha akachukua dhahabu mbili. Bega na goti vinavyouma, daktari anaweza kujadiliana navyo. Kichwa hakina mjadala: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa, na siku hiyo harudi, hata aape kwamba yuko sawa. Anayeapa ndiye ninayemtilia shaka zaidi, kwa sababu ubongo uliotikisika ndio huohuo unaotoa kiapo. Mimi hadithi ya Maier naipenda, ila nisingependa kocha aisimulie kwa kijana aliyegonga kichwa asubuhi ile.

Ni kweli wanavaa fulana zinazojaa hewa?

Ndiyo. Tangu msimu wa 2024/25 ni lazima katika mbio za kasi za kushuka mlima. Vihisi vikitambua kwamba mtu amepoteza udhibiti wa mwili, fulana inajaa upepo kabla hajagonga chini, ikikinga mgongo na mbavu. Msimu huohuo zililetwa kwa lazima nguo za ndani zisizokatika kirahisi. Kingo za skii ni chuma kilichonolewa. Januari 2024 huko Wengen, Uswisi, Aleksander Aamodt Kilde wa Norwe alianguka, akateguka bega na kuchanwa vibaya nyama ya mguu. Goti, hata hivyo, fulana hailisaidii.

Wakiumia, bili nani analipa?

Kwenye Olimpiki, wenyeji hutibu wanamichezo bure kipindi cha michezo, na katika kijiji cha wanamichezo kuna kliniki kubwa. Kwingineko ni bima ya shirikisho au ya mwanamichezo mwenyewe, na hapo ndipo mashimo yalipo. Mtelezaji Sarah Burke wa Kanada alianguka mazoezini Park City, Marekani, Januari 2012, akafariki siku 9 baadaye. Mazoezi yale hayakuwa chini ya bima ya shirikisho lake, na watu wakachangishana kusaidia familia. Mwenye mtoto anayeshindana asome mkataba wa bima mwenyewe: unahusu mashindano tu, au na mazoezi? Na helikopta imo?